Mnasanzi nje ya nyumba: kopo la plastiki, chungu cha udongo au beseni?

Ukifika mwezi wa nne, maduka ya hapa North Carolina huweka karibu na mlango vikopo vidogo vyenye kifuniko cha plastiki. Ndani yake mna mmea mmoja usiojaza hata kiganja, umeachama vinywa vyake kama makombe ya pwani yaliyoota kope. Kwenye lebo umeandikwa Venus flytrap. Nyumbani kwangu tunauita mnasanzi, na ndilo jina nitakalolitumia.

Wengi wakishaununua huuweka dirishani jikoni, na kabla ya Krismasi umeshakufa. Mahali pake ni nje: juani, mvuani, hata kwenye baridi. Hapo sina shaka tena, kwa hiyo sitakaa nikilinganisha ndani na nje. Swali ninaloulizwa na jamaa, kuanzia wenzetu wa Greensboro mpaka mpwa wangu aliyeko Maine, ni hili: nikishautoa nje, niupande kwenye nini?

Nimepanda kwenye vyombo vya aina tatu, na vyote vitatu nimevikalia miaka ya kutosha kuvijua tabia. Cha kwanza ni kopo la plastiki la mraba, sentimita 10 kila upande na kina cha 12 hadi 15, lenye matundu chini, limewekwa ndani ya sinia la maji. Cha pili ni chungu cha udongo wa kuchoma kisichong'arishwa, kile chekundu cha kawaida. Cha tatu ni beseni kubwa la plastiki, upana sentimita 45 na kina 30, ambalo chini halina tundu ila nimelitoboa ubavuni.

Mmea unakotoka

Mnasanzi, ambao wataalamu wanauita Dionaea muscipula, asili yake ni sehemu moja tu duniani: ukanda wa pwani wa North Carolina na South Carolina, kuuzunguka mji wa Wilmington. Kutoka kwangu Durham ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari. Nimekwenda kuutazama ukiwa kwao. Misonobari imesimama mbalimbali, jua linafika mpaka chini, na ukikanyaga nyasi, alama ya kiatu inajaa maji polepole nyuma yako. Udongo ni mchanga uliochanganyika na piti, yaani mabaki ya kuvumwani yaliyorundikana majini bila kuoza sawasawa. Ni udongo mchachu, na chakula cha mimea humo ni kama hakuna. Moto hupita mara kwa mara ukafyeka vichaka ambavyo vingeutia kivuli. Mmea umezoea maji ya mvua matupu, na nitrojeni yake unaitafuta kwenye miili ya wadudu.

Ndiyo maana udongo ninaotumia ni uleule katika vyombo vyote vitatu: piti sehemu moja, perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo) sehemu moja, basi. Ukikosa perlaiti tumia mchanga wa silika uliooshwa. Mfuko wa piti ukiandikwa kwamba umeongezewa mbolea, urudishe rafuni hata kama ni wa bei ya kutupa. Mbolea inayonenepesha mchicha huunguza mizizi ya mnasanzi.

Maji, na hapa ndipo chungu kinapoanguka

Nilianza na chungu cha udongo. Nilikichagua kwa sababu ya mtungi wa bibi yangu kule Tanga, uliokuwa ukikaa pembeni mwa mlango, umetoa jasho nje, na maji yake ndani yakiwa baridi wakati jua la saa saba linapasua. Nikajiambia, kama udongo unaweza kuyapoza maji ya kunywa, hautashindwa kuipoza mizizi.

Kweli chungu kilitoa jasho. Mpaka mwezi wa saba kilikuwa kimeota ukoko mweupe kuanzia katikati hadi mdomoni, mfano wa chumvi inayobaki juu ya mwamba bahari ikipwa. Nilipoukwangua kwa ukucha ulitoka unga. Vinywa vipya vya mmea vilikuwa vinatoka vidogo, vimepinda, na ncha zake nyeusi. Mwezi wa tisa mmea ukafa.

Sababu yake ni jasho lenyewe. Maji yanapopita kwenye ngozi ya chungu na kukauka, chumvi haiondoki nayo. Inabaki kwenye ngozi na kwenye udongo, kisha kila ukimwagilia inarudi kwenye mizizi. Halafu udongo wa kuchoma nao una madini yake, ambayo maji machachu ya piti huyalamba taratibu. Ile sifa inayoufanya mtungi kuwa mtungi ndiyo inayomuua mnasanzi.

Kuna hesabu nyingine ambayo laiti ningeifanya mapema. Wakulima wa mimea hii hutaka maji yasizidi miligramu 50 za chumvi kwa lita. Bomba la nyumbani kwangu, nilipolipima kwa kile kipimo cha betri, lilisoma 140. Ni maji mazuri kabisa ya kunywa. Lakini mmea wa nje wakati wa kiangazi unamaliza kama lita moja kila siku tatu, ukijumlisha na yanayokauka kwenye sinia. Siku 90 ni lita 30. Zidisha kwa miligramu 140, unapata gramu 4 na kidogo, karibu kijiko cha chai cha chumvi, zimekaa ndani ya kopo ambalo udongo wake haufiki lita moja na nusu. Kuchemsha hakusaidii, maana kunaua vijidudu na kuacha chumvi nyingi palepale. Mtungi wa kuchuja wa kuweka kwenye friji nao haumalizi kazi. Tumia maji ya mvua, au maji yaliyotoneshwa ya dukani, au yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuondoa chumvi.

Kwenye suala hili kopo la plastiki ni salama, ila lina kiu. Sinia langu linachukua maji ya kina cha sentimita 3. Katika wiki ya nyuzi 33 huwa limekauka siku ya tatu au ya nne, na piti ikishakauka kabisa inakuwa kama kizibo: unamwaga maji juu, yanakimbilia pembeni na kutokea chini, katikati pakavu. Anayesafiri Ijumaa na kurudi Jumanne anacheza na roho ya mmea.

Beseni ni habari nyingine. Lina lita 40 na zaidi za udongo uliolowa. Tundu la ubavuni nimelitoboa sentimita 10 chini ya usawa wa udongo, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji ya ziada yanatoka hapo, na yaliyo chini ya tundu yanabaki kuwa akiba. Shingo ya mmea iko juu, inapata hewa. Mizizi inateremka kufuata unyevu, kama inavyofanya kwao. Nimeliacha wiki mbili za mwezi wa nane nikarudi nikalikuta lina unyevu. Tena beseni linajichotea lenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Durham tunapata zaidi ya milimita 1,100 kwa mwaka. Mdomo wa beseni la sentimita 45 ni mita za mraba 0.16 hivi, maana yake kwa mwaka linapokea zaidi ya lita 170 bila mtu kunyanyua ndoo. Kopo la mraba wa sentimita 10 linapokea kama lita 11. Tofauti hiyo ndiyo iliyoniamulia.

Jua na joto

Vyombo vyote vitatu viwekwe juani, saa sita kwa siku au zaidi. Mmea uliotoka dukani kwenye kikopo chenye kifuniko uzoeshwe kwa wiki moja hadi mbili, jua la asubuhi kwanza, la sivyo majani yanaungua.

Kopo jeusi linapata moto. Saa tisa alasiri ukiligusa ubavu wa magharibi unaondoa mkono. Dawa ni kutumia makopo meupe au kuyapanga kwa kubanana, ya pembeni yakiyatilia ya katikati kivuli. Chungu hapa kingeshinda kama si lile tatizo la chumvi. Beseni linachukua joto polepole kwa sababu ya uzito wa maji yake, na asubuhi bado lina ubaridi wa usiku.

Nani anafika kuliwa

Jambo hili sikulitegemea. Jina linasema nzi, ila huko porini chakula kikubwa cha mmea huu ni watambaao: sisimizi, buibui, mbawakawa wadogo. Kopo likiwa ndani ya sinia la maji limezungukwa na handaki. Sisimizi wanafika ukingoni, wanazunguka, wanarudi. Minasanzi yangu ya makopo inakamata zaidi wenye mabawa. Ya beseni inakamata kila kitu, kwa sababu udongo umejaa mpaka karibu na mdomo na wadudu wanapanda ubavuni wakatembea juu yake kama barabarani.

Asubuhi moja nilichuchumaa pale kwa muda mrefu. Buibui mdogo wa kahawia aliingia kwenye kinywa kimoja, akasimama juu ya wekundu. Ndani ya kila upande wa kinywa kwa kawaida mna vinyweleo vitatu, vyembamba hata ni shida kuviona. Aligusa kimoja, kimya. Akapiga hatua, akagusa tena, na kinywa kikafumba. Sikuona kikifumba, niliona tu kimeshafumba. Mguso mmoja mmea unauchukulia kuwa ni tone la mvua au jani lililoanguka. Wa pili ukija ndani ya sekunde 20 hivi, hapo unaamini kuna kiumbe. Kufumba kwenyewe ni sehemu ya kumi ya sekunde. Buibui akaendelea kuhangaika, na mahangaiko hayo ndiyo yanayouambia mmea ubane kabisa na kumwaga vimeng'enya. Siku ya tisa kikafumbuka, ndani mna ganda tu, jepesi kama pumba.

Waambieni watoto wasivichokoze kwa kijiti. Kila kinywa kina idadi ndogo ya kufumba kabla ya kufa, na kufumba bure ni kuutia mmea njaa.

Beseni lina adha yake hapa: sisimizi wakilipenda sana watafanya kichuguu ndani. Mimi huziba tundu la ubavuni kwa siku moja, napandisha maji mpaka juu, wanahama na mayai yao, kisha nafungua.

Mbu

Sisi tuliokulia na malaria sinia la maji nje ya mlango halituachi tulale. Na kweli, katika joto la Julai yai la mbu linakuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi siku kumi. Wenye makopo mna njia mbili. Mwage maji ya sinia na kuweka mapya kila siku ya nne au ya tano, au mtumie vidonge vya bakteria vya kuua viluwiluwi, vile vya Bacillus thuringiensis israelensis, ambavyo haviudhuru mmea. Beseni halina maji ya wazi. Yote yako ndani ya piti, mbu hana pa kutagia. Mke wangu, ambaye maua hayamshughulishi, alilipigia beseni kura kwa hoja hiyo peke yake.

Baridi

Mwezi wa kumi na moja mnasanzi unaanza kulala. Majani marefu yanakuwa meusi, yanabaki mafupi machache yaliyolala chini, na mtu asiyejua anautupa. Usitupe. Chini ya udongo kuna tunguu jeupe, nalo liko hai. Linataka miezi mitatu au minne ya ubaridi, kati ya nyuzi 0 na 10 hivi. Mmea unaonyimwa usingizi huo mwaka baada ya mwaka unadhoofika mpaka unakwisha.

Durham usiku wa Januari kwa kawaida unafika nyuzi sifuri au chini yake kidogo, na baridi hiyo mnasanzi unaijua. Tofauti ya vyombo inajitokeza siku zile mbovu, nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri kwa siku mbili mfululizo. Kopo linaganda lote, kutoka pande nne, na tunguu limo katikati ya barafu. Beseni linaganda juu tu, sentimita chache. Nalifunika kwa majani makavu ya misonobari na kulisogeza ukutani, basi. Chungu hupasuka. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na udongo ulionyonya maji hauna pa kukimbilia.

Lakini mpwa wangu wa Maine alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, huku beseni lako litakuwa jiwe mpaka mwezi wa nne." Na yuko sawa. Kwenye nchi ya baridi namna hiyo kopo ndilo lenye faida, kwa sababu linabebeka. Yeye huyaweka makopo yake kwenye gereji isiyo na hita, udongo ukiwa na unyevu tu bila sinia, na kuyatoa baridi ikilegea. Mwaka mmoja alipokosa gereji aliyafunga kwenye mifuko ya plastiki akayaweka chini kabisa ndani ya friji, karibu na mboga, miezi mitatu. Yote yaliamka.

Gharama na kuhama

Kopo ni bei ndogo kuliko vyote na linatosha mmea mmoja. Beseni unaweza kulipata bure kama una ndoo kubwa au pipa la zamani lililokatwa, mradi halikuwekwa kemikali, na linabeba minasanzi kumi bila kubanana. Piti ya kulijaza ndiyo gharama. Ila likishajaa maji lina kilo 40 na zaidi. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anayehama kila mwaka asilijaribu, na roshani nyingine hazikujengwa kwa mizigo hiyo. Plastiki nyembamba nayo jua linaikausha, baada ya misimu michache inavunjika mkononi ukiinyanyua, kwa hiyo nunua nene.

Kama unapenda sura ya chungu, na mimi naipenda, kipo kilichong'arishwa ndani na nje. Hicho hakitoi jasho na hakilambwi. Au tumbukiza kopo la plastiki ndani ya chungu, watu waone chungu.

Walioko nyumbani

Dada yangu aliyeko Tanga ameuliza kama atapeleka beseni uwani. Nimemwambia ukweli: maji ya mvua anayo, jua analo la kumwaga, kinachokosekana ni usingizi. Karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na usiku wa pwani hauna baridi ya kuulaza mmea huu. Kwake litafaa kopo tu, ili aweze kuliingiza kwenye friji miezi mitatu kila mwaka kama anavyofanya mpwa wetu. Aliyeko Makete, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mwezi wa sita na wa saba hufika jalidi, ana nafasi nzuri zaidi ya kujaribu beseni.

Na mtu yeyote asiuingize mmea kwenye begi la safari. Mnasanzi umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mmea hai unahitaji kibali cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya nchi: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Kama lengo ni kuwa na mmea unaokula wadudu, Afrika ina wake. Drosera madagascariensis huota kwenye vinamasi vya Afrika ya kitropiki, Tanzania na Uganda zikiwemo, majani yake yamejaa matone yanayonata, na hauhitaji baridi ya kulala. Makopo na maji ni yaleyale niliyoyaeleza. Usiung'oe porini, tafuta aliyeotesha kwa mbegu.

Hata huku, ulizeni mmea umetoka wapi kabla ya kulipa. Mwanzoni mwa 2015 wanaume wanne walikamatwa na minasanzi 970 iliyong'olewa kwenye hifadhi ya Holly Shelter, wiki chache tu baada ya sheria ya North Carolina kuufanya wizi huo kuwa kosa kubwa la jinai. Kitalu cha kweli kitakuambia bila kusitasita kwamba mmea umezalishwa maabara au kwa kugawa matunguu.

Ningekuwa wewe

Una uwanja au kibaraza cha chini, na unakaa mahali ambapo baridi si ya kugandisha ardhi miezi mitatu: beseni, bila kufikiri mara mbili. Umepanga ghorofani, au uko Maine, Minnesota na kwingine kama huko, au uko pwani ya Afrika Mashariki na friji yako ina nafasi: kopo refu jeupe, na sinia utakalolikumbuka kila siku ya tatu. Ukiwa mbali na nyumbani mara kwa mara na hujapata mtu wa kukumwagilia, subiri mpaka upate mahali pa kuweka beseni. Chungu kitupu cha udongo usikinunue kwa mmea huu.

Tundu la ubavuni litoboe kabla ya kujaza piti, kwa msumari uliopashwa moto au keekee, upana wa kidole kidogo, na kwa ndani uzibe kwa kipande cha wavu wa dirisha ili piti isitoke na maji. Loweka piti usiku kucha kwenye maji ya mvua ndipo upande. Na bua la maua likichomoza mwezi wa tano kwenye mmea ambao bado mchanga, likate likiwa fupi, sentimita tano hivi, nguvu irudi kwenye vinywa.